Programu Yetu Isigeuze Viongozi Kuwa Vitu

Katika programu ya mazoezi ya Kiswahili ambayo chama chetu kinataka kuiandika, wapo wenzetu wanaopendekeza fanksheni moja nyepesi ya kuhesabu: ipewe nomino na namba, iunganishe, basi. Kwao, nomino zote ni herufi tu. Sisi tunapinga.

Fanksheni ni fungu la maagizo lenye jina. Linapokea data na kurudisha jibu. Katika Python, hata alama ya kujumlisha hutazama kwanza aina ya data: 2 + 3 ni 5, lakini "2" + "3" ni "23". Mwaka 1967 Mwingereza Christopher Strachey alitofautisha fanksheni inayofanya kazi ileile kwa kila aina na ile inayobadili kazi kulingana na aina. Kuhesabu kwa Kiswahili kumo katika kundi la pili.

Tunasema vitabu viwili, miti miwili, machungwa mawili. Mtu atajibu: basi kompyuta isome silabi ya kwanza. Haitoshi. "Kitabu" na "kiongozi" yote yanaanza na ki-, ila ni viongozi wawili, si "viwili". Vilevile madaktari wawili, si "mawili". Umbo hudanganya, ngeli ndiyo huamua. Hata namba hazifanani: -moja hadi -tano na -nane hupatana na nomino, lakini sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki.

Hapa Guangzhou jambo hili si geni. Kwa Kichina vitabu viwili ni "liang ben shu", walimu wawili ni "liang wei laoshi". Nani atamhesabu mwalimu wake kwa "ben"?

Ni kweli, kazi itaongezeka: kila nomino iandikiwe ngeli yake, na viumbe hai viwekewe alama. Lakini orodha hiyo ndiyo somo lenyewe. Sisi tuliokipata Kiswahili nyumbani, "viongozi viwili" hutukera masikioni. Anayeanza kujifunza hana sikio hilo bado. Ataamini anachokiona kwenye simu, na mwalimu atahangaika muhula mzima kukifuta.

Tunapendekeza hivi: wanachama waandae orodha, walimu waikague, na fanksheni iulize ngeli kabla ya kujibu. Ikikuta nomino isiyo na ngeli, iseme haijui. Isibahatishe.