Fidia si Sadaka



Wengi wenu mliopita dukani kwetu mwezi huu mmemwona paka wetu, Shaibu, amelala juu ya gunia la mchele naye kiuno kimefungwa kitambaa, mkatuuliza yaliyomsibu. Tumechoka kulisimulia jambo hili kwa kila mnunuzi wa kibiriti, basi tukaona ni bora tuliandike. Na tulipoanza kuandika tukatambua kwamba lina zaidi ya paka ndani yake.

Ilikuwa baada ya Magharibi. Shaibu alikuwa juu ya baraza yetu, hakutoka kwenda kwa mtu. Mbwa wa jirani yetu mmoja mwenye nyumba ya wageni alikuta lango li wazi, akaja mbio, akamkamata kiunoni na kumtikisa kama mtu akung'utaye mkeka, hata mlinzi alipomkemea ndipo akamwacha. Tulimwokota. (Kanzu yetu tukaiosha mara saba, moja kwa udongo, kwa ajili ya mate ya mbwa.) Tulipomtazama tuliona matundu manne tu, madogo, wala damu haikuwa nyingi, tukashukuru. Hapo ndipo tulipokosea, kwani jino la mbwa huingia na kutoka, ngozi ikajifumba juu yake, ilhali ule mtikiso umekwisha kuchana nyama ya ndani. Siku ya tatu kiuno kilivimba, kikatunga usaha, na mnyama akakataa hata dagaa. Jirani mwema alitushauri tumpe nusu ya kidonge cha parasitamoli, nasi twaviuza. Alhamdulillahi hatukufanya, daktari wa mifugo alitueleza baadaye kuwa dawa hiyo ni sumu kwa paka, mwili wake hauwezi kuivunja kama uwezavyo wa mwanadamu, na kidonge kimoja chaweza kumwua. Wenye paka na walijue hili. Daktari alimpasua, akamsafisha, akampiga sindano siku saba. Gharama yote, pamoja na nauli, ilikuwa Shilingi 140,000, na risiti tunazo.

Tulikwenda kwa mwenye mbwa, tukabisha hodi kwa adabu. Akacheka. Alisema paka wamejaa mjini, basi tuchague watatu badala ya mmoja. Na tena mnyama hana akili, hashitakiwi. Jioni yake akamtuma mlinzi na bahasha ya Shilingi 50,000, na maneno kwamba hiyo ni sadaka yake kwa kiumbe wa Mungu. Tukairudisha.

Wapo waliotulaumu kwa kuirudisha, na miongoni mwao ni watu wa nyumbani mwetu. Wasema fedha ni fedha. Sisi twasema sivyo. Atoaye sadaka anatenda wema, na apokeaye humshukuru. Kesho lango likiachwa wazi tena, mtoaji ni yule yule mwema na sisi ni wale wale wenye kushukuru. Lakini alipaye fidia amekiri kwamba lango lilikuwa juu yake kulifunga. Hiyo ndiyo Shilingi tuitakayo, na lau angalitoa 20,000 kwa jina hilo, tungalizipokea na kuyamaliza.

Ama hilo la mnyama kutokuwa na akili, ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo sheria humtazama mwenye akili aliyemfuga. Sote tulisoma chuoni kisa cha Nabii Daudi na Nabii Suleiman katika Suratul-Anbiyaa, pale kondoo wa watu walipoingia usiku katika shamba la mwingine. Hakuna aliyehukumu kwamba kondoo hana akili kisha watu wakaenda zao. Na katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomeshwa sana katika visiwa hivi, imo mas-ala ya paka ajulikanaye kwa kula ndege wa watu: mwenyewe hudhamini, iwe usiku au mchana. Twaikumbuka vizuri, kwa kuwa mwaka jana Shaibu alikula vifaranga viwili vya jirani wa nyuma, nasi tukalipa. Waingereza nao, waliokuwa na himaya juu yetu tangu 1890 hata 1963, sheria yao ya asili ilimtaka mdai athibitishe kuwa mwenye mbwa alijua ukali wake, na hata sheria yao mpya ya 1971 haikuiacha kabisa shuruti hiyo.

Basi neno zima lasimama hapo: je, alijua? Mtaa mzima wajua kwamba alijua. Mbuzi aling'atwa sikio mwaka jana mbele ya watu sita. Mtoto wa chuoni alikimbizwa hata akaangusha juzuu yake njiani. Lakini tulipowauliza wale sita, mmoja alikuwa amesahau, wawili hawakuona vizuri, na mmoja alitwambia kwa uwazi kwamba anachota maji katika tangi la bwana yule. Hatumtukani, maji ni maji. Ila ajue kwamba mwanawe hupita njia ile ile.

Tena tuliuliza cheti cha chanjo hatukuonyeshwa. Pemba ilikiondoa kichaa cha mbwa kwa chanjo mwaka 2014, kikarejea 2016, kikaondolewa tena 2018 kwa chanjo hiyo hiyo. Sindano ile si upuuzi.

Kadhi hatuwezi kumwendea, maana mahakama yake ni ya ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Tutaanza kwa sheha, Jumatano baada ya Alasiri, na tusipopata haki tutafika mahakamani. Mlioona habari ya mbuzi, njooni mseme mlichokiona, si zaidi. Risiti tutakuja nazo. Shaibu tutamwacha dukani, kwani panya walikwisha kuanza kurudi maguniani, naye jana, pamoja na kuchechemea kwake, alimkamata mmoja.