Bustani ya Kiangazi na Mafunzo ya Televisheni



Mwezi wa Agosti hapa Mpanda ni mwezi wa vumbi. Mvua imekwisha tangu Aprili, wala nyingine haitarajiwi kabla ya Novemba. Miti ya porini imepukutisha majani, moshi wa mioto ya nyika umetanda, na kamba ya kisimani yazidi kurefushwa killa wiki. Katika mwezi kama huo, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumekaa kwa jirani yetu mtaa wa Makanyagio, wanaume ukumbini na mabibi chumba cha ndani, mlango ukiwa wazi, sote twatazama kipindi cha kilimo katika televisheni. Bwana mmoja alikuwa amesimama katikati ya bustani ya kijani kibichi, mpira wa maji mkononi, akieleza namna ya kupanda nyanya na pilipili hoho. Tukamsifu kwa ufasaha wake. Mzee mmoja akasema kwamba lau vijana wetu wangalisikiliza maneno yale, pasingalikuwa na nyumba ya kununua mboga sokoni.

Ndipo mama mwenye nyumba akasema kutoka ndani: "Samahanini, baba zangu. Mpira ule naona mwisho wake mmoja tu. Mwisho wa pili uko wapi?"

Watu wakacheka. Sisi hatukuweza kucheka sana, kwani swali hilo lilitukumbusha jambo lililotupata nyumbani kwetu mwaka juzi, nasi tutalisimulia hapa chini, ijapokuwa si la kujivunia.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba kujifunza ukulima kwa mitambo ya habari si jambo geni katika nchi hii. Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970, nayo ilikuwa ya rangi tangu siku ya kwanza. Huku Bara watu walikaa bila ya televisheni yao hata mwaka 1994. Lakini redio ilikuwapo. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya "Mtu ni Afya", na mwaka 1975, baada ya ukame uliokwisha kuleta upungufu mkubwa wa chakula, ikafuata ile ya "Chakula ni Uhai". Wazee wetu wazikumbuka vizuri. Watu walikusanyika kwa vikundi, pengine chini ya mwembe, wana redio moja na kitabu kimoja na kiongozi wao. Wakasikiliza hata kipindi kikaisha. Kisha redio ikafungwa, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Waliulizana: haya yaliyosemwa, kwetu yawezekana? Nani atafanya nini, na lini? Hawakuondoka mpaka wamekata shauri.

Siku hizi tunayo picha, tena ya kupendeza, lakini kipindi kikiisha chafuata kingine, na mashauri hayakatwi.

Basi tuingie katika kiini cha jambo. Vipindi hivi vina faida kubwa, wala hatusemi kinyume. Kile kiitwacho Shamba Shape Up, kilichoanza Kenya mwaka 2012, ambacho watu wa Tanzania nao wamekitazama kwa Kiswahili, huenda nyumbani kwa mkulima mdogo hasa, kikamtengenezea banda lake na shamba lake mbele ya macho yetu. Walakini sehemu kubwa ya Kenya, na kaskazini mwa nchi yetu kama Kilimanjaro na Arusha, hupata mvua mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Sisi wa Katavi tuna msimu mmoja tu. Mvua yetu ikiisha imekwisha. Atakaye kuamini na aende akautazame mto Katuma mwishoni mwa kiangazi, unapopita katika Hifadhi ya Katavi kuelekea Ziwa Rukwa: viboko husongamana kwa mamia katika matope, mmoja juu ya mgongo wa mwenziwe, wakigombea dimbwi lililobaki. Kalenda ya mtu mwenye masika na vuli si kalenda ya kiboko wa Katuma, wala si yetu.

Sasa habari yetu. Mwaka juzi tulitazama kipindi kimoja, tukashikwa na pupa. Tukanunua mbegu za nyanya, tukazisia kitaluni mwezi wa Julai, na mwezi wa Agosti tukaihamisha miche katika kiwanja cha nyuma ya nyumba, kiasi cha mita za mraba 60. Miche ilishika vizuri, na mwezi wa Septemba ikatoa maua, tukawa twahesabu fedha ambazo hatujazipata. Hesabu tuliyopaswa kuifanya mapema ilikuwa nyingine. Jua la wakati ule hukausha ardhi kwa kadiri ya lita 5 kwa killa mita moja ya mraba kwa siku. Kwa mita 60 ni lita 300, nazo ni ndoo 15 za lita 20, killa siku. Nani alizichukua ndoo hizo? Si mwandishi wa ukurasa huu. Ni mkewe na binti zake wawili, kabla ya kwenda skuli na baada ya kurudi. Ulipoingia Oktoba kisima kikawa chatoa tope, nao wakawa waamka saa tisa za usiku wapate kutangulia kisima cha jirani.

Asubuhi moja mke wetu akatua ndoo mlangoni, akasema kwa upole: "Baba watoto, nyanya hizi zanywa maji kuliko wanao. Leo nitayamimina wapi?" Hatukuwa na jawabu. Nyanya zikaachwa, zikakauka na matunda mabichi shingoni. Kosa halikuwa la televisheni. Yule bwana wa kipindi hakutuambia tupande Agosti. Sisi ndio tulioona kijani tukasahau kuuliza maji. Tena twajua kutoka katika Hadithi ya Bibi Aisha kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake kwa kazi za nyumbani. Sisi tuliisoma Hadithi hiyo mara nyingi, na ndoo hatukuishika.

Usiku ule wa Makanyagio tuliyaeleza haya yote, na mazungumzo yakawa marefu kuliko kipindi. Kijana mmoja alishauri watu walime kandokando ya mto. Akakumbushwa kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na chanzo cha maji, na sababu yake twaiona kwa macho, kwani killa anayelima ukingoni huwapunguzia maji walio chini. Mwingine, aliyesoma Ulaya, akasema kwamba Waingereza, wanaotazama kipindi cha bustani cha BBC tangu mwaka 1968, walipatwa na ukame mwaka 1976 hata Bunge lao likapitisha sheria ya ukame, na watu wakamwagilia maua yao kwa maji waliyokwisha kuogea. Mabibi ndani wakasema hilo la kumwagilia kwa maji ya kuogea wao walilijua zamani bila ya Bunge.

Hapo ndipo lilipozuka jambo la maji ya udhu. Anas (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, nacho hakifiki lita moja. Sisi wengi wetu humwaga zaidi ya hayo kabla ya kufika viwikoni. Tuseme ni lita moja kamili: nyumba ya watu sita, wakitawadha mara tano, ni lita 30 kwa siku. Maji hayo yakikingwa kwa karai badala ya kupotea uani, yatosha mita sita za mraba za mboga. Mita sita si shamba, lakini ni mchicha na matembele ya nyumba. Maji ya kusuuzia vyombo nayo yafaa, yasiwe na sabuni nyingi. Ardhi ifunikwe kwa majani makavu, na mtungi wa udongo usiopakwa rangi ufukiwe kati ya miche, ujazwe maji, ufunikwe mdomo. Utayatoa kidogokidogo mizizini, jua lisiyapate. Kisamvu hakihitaji hata hayo.

Mzee wetu akaongeza kwamba hata mbuzi wa jirani akiingia akala, mpandaji ameandikiwa sadaka, kama ilivyokuja katika Hadithi. Mama mwenye nyumba akajibu: "Ni kweli, mzee wangu, lakini ua nautaka vilevile."

Ua ulijengwa Ijumaa iliyofuata, kwa miiba. Nyumbani kwetu karai lipo mahali pa kutawadhia, na zamu ya kulipeleka bustanini jioni ni ya mwandishi. Mbegu za nyanya zilizobaki zimo katika kopo juu ya kabati, zikingoja mwezi wa Machi, ili miche ihamishwe mvua zikiwa zaelekea kwisha na ardhi ingali na unyevu wake.