Msitukatie Nyimbo za Ibada

Kamati za mazishi hapa Nairobi zinapopanga ibada ya kumbukumbu, kitu cha kwanza kupunguzwa ni nyimbo. Wimbo wa beti tano huimbwa beti mbili, waheshimiwa wapate nafasi ya kusalimia. Jambo hili linaniuma, kwa sababu furaha ya ibada ile huingilia mlango wa wimbo na ushuhuda.

Majuzi hapa Kitisuru tulimkumbuka jirani yetu, mama aliyefundisha Shule ya Jumapili miaka mingi. Viti vya mbele vilijaa suti. Nyuma waliketi akina mama wa Kibagare, wanaotembea kila asubuhi kuja kufua na kupika katika nyumba zetu. Mmoja wao hakuwa kwenye programu, lakini mchungaji alimwita. Akasema mwanawe alipofukuzwa shule kwa ajili ya karo, marehemu alimlipia, kisha akamdai mama huyo kitu kimoja tu: yeye mwenyewe ajifunze kusoma. Walianza na Injili ya Yohana kwenye meza ya jikoni, kidole juu ya mstari, chai ikipoa. Akatoa Biblia yake, iliyojaladiwa kwa karatasi ya kaki, akatusomea habari za Lazaro bila kukwama. Vigelegele vikalipuka. Binti wa marehemu, ambaye hakuwa ameinua uso tangu tuingie, alisimama akicheka na kulia kwa pamoja.

Wapo watakaosema huko ni kukosa heshima kwa msiba. Siafiki. Katika habari ile ile Yesu analia, ilhali anajua atamwita Lazaro atoke. Naye Paulo, akiwaandikia Wathesalonike, hakuwakataza kuhuzunika. Aliwataka wasihuzunike kama watu wasio na tumaini.

Wazee wa Uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki walilijua hili. Tangu moto ule uwake Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka Uganda hadi Kenya, ndugu wa ushirika huo wameimba wimbo wao wa sifa, Tukutendereza, hata makaburini. Mkutano wao mkubwa wa 1949 ulifanyika Kabete, hapa karibu kabisa na kwetu.

Hata ibada ya mtu mkubwa yaweza kuwa hivyo. Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, alikumbukwa katika Kanisa Kuu la All Saints tarehe 4 Julai 2019, mwili wake ukiwa umeshachomwa Kariokor. Walikuwepo viongozi wa nchi, lakini vijana wa Ghetto Classics wa Korogocho, aliowasaidia kujifunza muziki, nao walipiga ala zao. Kwangu mimi, hao ndio waliotoa wasifu wake.

Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipiga marufuku siasa katika mimbari za Anglikana. Nilishangilia. Lakini dakika tulizookoa tumezimwaga kwenye orodha za shahada na vyeo, ambazo zingeweza kuchapishwa tu kwenye kijitabu cha ibada.

Wanakamati, waiteni waliolishwa, waliolipiwa karo na waliofundishwa na marehemu, hata kama hawana cheo. Na wimbo uimbwe wote. Katika tenzi nyingi, ubeti wa mwisho ndio unaotaja kifo na mbingu, nao ndio mnaoukata kila ibada.