Kadi ya Bima na Kalenda ya Mto

Mwalimu aliyeajiriwa na Serikali hapa Kibiti hachagui mwezi wa kulipia matibabu yake. Kila mshahara unapotoka, asilimia 3 hukatwa kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Ndivyo ilivyo tangu Mfuko huo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulipoanza kazi mwaka 2001. Kwa mchango huo hutibiwa mwalimu, mwenzi wake, na wategemezi wasiozidi wanne. Kazi inayombakia ni ya karatasi tu: kumpelekea afisa utumishi cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na picha zao. Hata hivyo wako wengi wanaoahirisha kazi hiyo ndogo mpaka mtoto ashikwe na homa.

Mkulima wa Mbuchi au Salale, ndani ya delta ya Rufiji, hana afisa utumishi. Kwa ajili ya watu kama yeye ulianzishwa Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza wilayani Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria yake mwaka 2001. Mwaka 2018 Mfuko huo uliboreshwa: kaya ya watu sita ilitakiwa kuchanga shilingi 30,000 kwa mwaka, na afisa mwandikishaji aliwafuata wananchi kijijini akiwa na simu ya kuwapigia picha. Mwaka ukiisha, kadi nayo huisha, na uamuzi huanza upya. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye shabaha ya kumfikia kila mkazi wa nchi. Shabaha hiyo ni njema. Lakini sheria haiwezi kukusanya fedha mwezi ambao fedha haimo nyumbani, na hili ndilo tunalotaka kulijadili. Maoni yetu ni kwamba uandikishaji wa bima vijijini upewe msimu maalumu, na msimu huo ufuate mavuno.

Kwa nini msimu maalumu? Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si wa kijiji chochote. Kaya 100 zimejiunga, na kila mwaka kaya 10 hupata ugonjwa wa kugharimu shilingi 200,000. Gharama yote ni shilingi 2,000,000, kwa hiyo kila kaya yapaswa kuchanga 20,000. Sasa kaya 50 zenye watu wazima na wenye nguvu zikisema, “Sisi tutajiunga tukiugua,” wagonjwa watabaki wale wale 10, bali wachangiaji watakuwa 50, na mchango utapanda hadi 40,000. Kwa bei hiyo wengine watajitoa. Wakibaki 20, kila mmoja atadaiwa 100,000, na aliye mzima hatakuwa tena na sababu ya kujiunga. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya, lakini mfuko umekufa.

Jambo hili si la ubaoni tu. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisimamisha utaratibu wa wazazi kumwandikisha mtoto mmoja mmoja kwa kadi ya Toto Afya, iliyolipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ukataka watoto waandikishwe kupitia shule au pamoja na familia zao. Wazazi wengi walikuwa wakimkatia kadi mtoto aliyekwisha kuugua na kuwaacha nje ndugu zake wazima. Wazazi walilalamika, na mzazi wa mtoto mgonjwa alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuirudia hesabu yetu hapo juu na kuona Mfuko ulikuwa ukielekea wapi. Mlango wa bima ukiwa wazi siku zote, wa kwanza kuupita ni mgonjwa.

Basi msimu uwe lipi? Hapa yafaa kumtazama Mrufiji mwenyewe anavyoishi. Wakati wa kilimo cha mpunga familia nyingi huhama nyumba zao na kuishi bondeni katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kuwinga ndege na kuwafukuza nguruwe mwitu. Operesheni Rufiji ya mwishoni mwa miaka ya 1960 iliwahamishia watu wengi nyanda za juu, mbali na mafuriko, lakini bonde halikuhama, na wakulima waliendelea kulifuata. Afisa mwandikishaji afikaye kijijini mwezi Februari atakuta milango imefungwa, na akimfuata mkulima dunguni atamkuta katika miezi ya njaa, akiba ya mwaka jana imekwisha na mpunga bado mchanga. Baada ya mavuno, ambayo kwa kawaida huanza Mei na kuendelea hadi Julai, mtu yule yule ana magunia. Maji yakipungua hulima mlau katika udongo ulioachwa na mto. Huko nchi kavu, Kibiti na Bungu, fedha huja na korosho kuanzia Oktoba. Kumwita mtu wa namna hii mzembe kwa kuwa hakulipa mwezi Februari ni kutojua jiografia ya wilaya.

Kuna nchi zilizolitambua jambo hili zamani. Bima ya wagonjwa ya Ujerumani ya mwaka 1883 ilifanikiwa kwa sababu mchango ulikatwa palepale mshahara ulipolipwa. Japani ilitunga mwaka 1938 sheria ya bima kwa ajili ya wakulima na wavuvi, ikapitia vyama vya vijijini, na kufikia mwaka 1961 kila raia alikuwa ndani ya bima. Kwetu korosho huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika na stakabadhi za ghala, na malipo ya mkulima hupitia benki. Mkulima angeweza kutia saini mara moja kuwa mchango wa kaya yake ukatwe katika malipo ya korosho. Tunasema kwa saini yake, maana wakulima wameona makato mengi yasiyo na maelezo, na hofu yao ina msingi. Kwa watu wa delta wasio na korosho, vikundi vya wavuvi wa samaki na kamba na vyama vya wakulima wa mpunga vingeweza kufanya kazi hiyo baada ya mavuno.

Wapo watakaosema kijiji kiwe na mfuko wake, ambao watu wataulinda kwa kuwa wanafahamiana. Fikra hiyo yapendeza, ila hesabu inaikataa. Katika kaya 100 tulitegemea wagonjwa 10, lakini mwaka mbaya waweza kuleta 16, yaani asilimia 60 zaidi. Katika kaya 10,000 tunategemea 1,000, na ni nadra wazidi 1,060, yaani asilimia 6 tu, kwa sababu tofauti hizo hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya kaya na si kwa idadi yenyewe. Tena hesabu hiyo hudhani kwamba kila kaya huugua kivyake, na mto haukubali hivyo. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia Rufiji na Kibiti kwa pamoja; maji yakichanganyika na vyoo, kijiji kizima huugua wiki moja, na mfuko wa kijiji ungekauka wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo ulikuwa uamuzi sahihi, mwaka 2018, kuuondoa Mfuko wa Afya ya Jamii katika ngazi ya wilaya na kuupeleka mkoani.

Liko neno moja ambalo msimu hautalitibu. Mama mjamzito wa Kiongoroni au Maparoni mwenye kadi hai bado ana mikoko, vijito na maji kujaa na kupwa kati yake na hospitali. Kadi humlipia dawa, ikiwa dawa ipo zahanati. Mashua na petroli ya mashine hulipa mwenyewe, usiku, kwa bei ya nahodha. Wanaotayarisha kitita cha mafao wakiweka gari la wagonjwa waandike na mashua, maana kwa mwananchi wa delta hiyo ndiyo ambulansi, na swali la kwanza atakalomwuliza afisa mwandikishaji atakapomfikia, hata akimfikia Julai akiwa na magunia ya mpunga, litakuwa kuhusu mashua.