Mieleka ya Mpango, Simanzi ya Kweli

Wako wanaowacheka mashabiki wazee wa mieleka ya Marekani, wakaao wakikumbushana habari za kampuni ya WWWF, ndiyo WWE ya leo. Husema: "Mshindi hupangwa, mwalilia nini?"

Mimi siwacheki. Mei 17, 1963, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Bruno Sammartino, mhamiaji kutoka Italia, alimshinda Buddy Rogers kwa sekunde 48 tu. Wahamiaji wenzake wakamfanya wao. Akashika mkanda miaka saba na ushei, hata Januari 18, 1971, alipoangushwa na Ivan Koloff, aliyeitwa Mrusi, kumbe Mkanada! Ukumbi ukawa kimya, hata Bruno akadhani masikio yake yameharibika.

Ushindi ulipangwa, kimya kile hakikupangwa na mtu. Nasi watunzi twajua: malumbano ya mashairi nayo hutungwa, na bado nyoyo huumia.

Bruno alifariki 2018. Kampuni imetajirika, lakini usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Wanaoukumbuka ubaharia ule ni mashabiki hawa. Waacheni wasimulie.