Acheni kutukremisha "ramani ya nyumba"

Wasee, leo nasema kitu kitauma walimu wengi wa programu. "Klasi ni ramani, objekti ni nyumba." Darasani ni hiyo, kwa video ni hiyo. Niliikremu, nikaiandika kwa mtihani, nikapata alama zote. Na sikuwa nimeelewa kitu.

Nilijuaje? Mathe aliniomba nitengenezee chama chao programu ya kurekodi michango. Nikaandika klasi ya Mwanachama kwa Python, na juu kabisa ndani ya klasi nikaweka orodha: michango = []. Nikaunda objekti mbili za kujaribu, Mama Brayo na Mama Shiru. Mama Brayo nikamwekea 500. Kufungua ya Mama Shiru, ambaye hajatoa hata bob, naye ana 500! Hebu fikiria hiyo ikifika kwa mkutano wa chama. Watu wamekosana kwa kidogo kuliko hicho.

Sasa niambie, ramani ya nyumba inaeleza hiyo aje? Nyumba mbili zikijengwa kwa ramani moja, ukipaka yako rangi, ya jirani haibadiliki. Lakini kwa Python klasi si karatasi. Nayo iko hai kwa memori na inashika vitu vyake. Orodha yangu ilikuwa moja tu, ya klasi, na kila mwanachama alikuwa anaandikiwa humo humo. Dawa ilikuwa mstari mmoja: self.michango = [] ndani ya __init__, ili kila objekti ikizaliwa ipate orodha yake.

Utasema anayeanza anahitaji mfano rahisi. Sawa, lakini rahisi isiwe ya kumdanganya. Mpe swali hili: hii ni ya nani? Kiwango cha mchango wa mwezi ni cha chama chote, kikae kwa klasi. Pesa ya Mama Brayo ni yake, ikae kwa objekti yake. Kwisha.

Na hizi vitu hazikuzaliwa kwa mtihani. Dahl na Nygaard walizileta kule Norway kwa lugha ya Simula 67, wakitaka kuiga shughuli za dunia halisi ndani ya kompyuta. Sisi tumezigeuza shairi la kukariri.

Usiku wa leo fungua laptopu, rudia kosa langu makusudi, kisha lirekebishe. Hiyo nusu saa itakufunza kuliko notisi zangu zote za semista.