Tusingoje Robo Mwaka Ijayo

Nimechoshwa na mjadala wa alama za ubora za vituo vya afya. Tangu malipo yafungamanishwe na matokeo katika zoni zetu za afya, tunabishana yale yale: nani kapendelewa, kwa nini kituo cha jirani kimepata primu kubwa kuliko chetu. Ni nadra mtu kuuliza kama kile fomu ya tathmini ya robo mwaka inachokipima bado kinastahili kupimwa. Anayeuliza huambiwa angoje Kinshasa itoe fomu mpya.

Maradhi hayangoji. Novemba 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa AQUAMAT juu ya watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwamo. Kati ya waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, kati ya waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata WHO ikabadili mwongozo wake. Chukueni fomu yoyote iliyokuwa ikitoa alama kwa dripu ya kwinini iliyotundikwa na kuandikwa sawasawa: tangu hapo ilikuwa ikilipia tiba hafifu, na muuguzi aliyeijaza hakudanganya hata mstari mmoja. Kipimo chenyewe ndicho kilichokuwa kimeharibika, katikati ya mapitio mawili, wakati hakuna aliyepewa kazi ya kukiangalia.

Marekani nayo iliwahi kupima hospitali kwa kutoa antibiotiki ya nimonia ndani ya saa 4 tangu mgonjwa afike. Madaktari wakaanza kuwapa dawa hata wasio na nimonia. Saa 4 zikafanywa 6, hatimaye kipimo kikaachwa. Kamati za wataalamu kule ziliweza kuitisha mapitio ya dharura ushahidi ulipobadilika. Sisi mlango huo hatuna.

Zoni ya afya ya Kilwa inauhitaji mlango huo kuliko zoni nyingi. Kolera ikizuka kando ya Ziwa Moero, wauguzi huhamia kwa wagonjwa wa kolera usiku na mchana. Kliniki ya wajawazito ikipwaya mwezi huo na alama zikashuka, anayekatwa primu ni yule aliyekesha. Huo si uzembe wake, na kikao kinachokaa kimya mbele ya hesabu hiyo hakisimamii ubora.

Kikao cha monitoraji cha kila mwezi tayari kipo. Ninachodai ni kwamba daktari mkuu wa zoni (MCZ), wauguzi wakuu na wajumbe wa Kodesa, kamati ya wenyeji ya maendeleo ya eneo la afya, waulizane humo kipimo gani kimepoteza maana, kisha wawe na mamlaka ya kukisimamisha kwa muda, kwa sababu iliyoandikwa na tarehe ya mwisho, huku divisheni ya afya ya jimbo (DPS) ikijulishwa.

Katika toleo hili, makala ya nyota ambazo Tanzania ilivipa vituo vyake vya afya inalinganisha vizuri tathmini ya 2015/16 na ile ya 2017/18, ila mwandishi anazitazama mno nyota na kuvipita haraka vikundi vya uboreshaji vituoni, ambavyo ndivyo vilivyobaki na kazi baada ya wakaguzi kuondoka. Ile ya uhakiki wa huduma nyumba kwa nyumba unaofanywa na vyama vya wenyeji isomwe na kila mjumbe wa Kodesa.

Makala ya mwisho inanipinga: ati vikao vya monitoraji vitasimamisha kila kipimo kinachoviaibisha. Hofu hiyo naiheshimu, na kwa sababu yake nataka Kodesa iwe na kura pale mezani. Mama anayejifungulia katika kituo hicho hana faida yoyote katika kuficha alama mbaya.